Sombe si ya bure

Ukiingia kwenye parseli ya mtu huku Bagira au Panzi, mitaa ya Bukavu, Kongo, ukamwomba akung'olee muhogo mmoja, atakuangalia vibaya, na ana haki. Mwombe sombe, yaani majani ya muhogo ya kupika, atakujibu kabla hujamaliza: "Chuma tu, mama." Hata asipokuwepo, jirani huchuma, watoto huchuma, mpita njia huchuma, na hakuna anayeitwa mwizi. Muhogo una mwenyewe, majani ni ya Mungu. Desturi hiyo imenilea na kwa upande mmoja naipenda, maana imelisha nyumba nyingi ambazo jioni hazikuwa na kitu cha kutia sufuriani. Ila kuna hesabu iliyofichika humo: anayegawa majani anagawa muhogo wenyewe, tofauti ni kwamba anaugawa kabla haujaonekana.

Shule ya msingi tulichorewa mche wa haragi ubaoni, na mishale yake. Mzizi hushika udongo na kunywa maji. Shina husimamisha mmea na kupitisha vitu. Jani hutengeneza chakula. Ua huzaa tunda, tunda hubeba mbegu. Tuliyaimba hayo, tukapata alama, tukarudi nyumbani tukaendelea kuamini kwamba muhogo hula udongo ukanenepa. Mpaka leo ukimwuliza mkulima wa Walungu kwa nini mihogo yake ni miembamba, atakuambia udongo umechoka. Mara nyingi ni kweli, vilima vyetu vimelimwa bila kupumzishwa na mvua imekwisha kubeba udongo mzuri wa juu. Lakini mara nyingine amevuna majani mwaka mzima, halafu anaulaumu udongo.

Katika karne ya 17 mtu mmoja wa Brussels, Jan Baptist van Helmont, alipanda mche wa mti kwenye chombo chenye kilo 90 hivi za udongo mkavu. Kwa miaka 5 hakuongeza kitu ila maji. Mche ulioanza na kilo 2 na ushee ulifika kilo 76. Udongo ulipokaushwa na kupimwa tena, ulikuwa umepungua kama gramu 60 tu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Alihitimisha kwamba mti mzima umetokana na maji. Nusu ya jibu ilimponyoka, kwa sababu hakujua kuwa jani linavuta hewa.

Jani la muhogo lina vitundu vidogo sana, vingi vikiwa upande wa chini. Humo huingia kaboni dioksidi, inakutana na maji yaliyopandishwa na mizizi, na kwa nguvu ya jua jani linatengeneza sukari. Sukari inashuka kwa mirija iliyo ndani ya gome, na ikifika mzizini inageuzwa kuwa wanga. Huo wanga ndio bugali. Udongo unatoa naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ambazo jani haliwezi kufanya kazi bila hizo, lakini unga wenyewe umetoka juu.

Tena mmea una utaratibu wake wa kugawa. Sukari huanza kwa majani mapya na ncha zinazokua, halafu shina; kinachobaki ndicho kinachowekwa chini. Mzizi wa muhogo hulipwa mwisho, kama mwalimu wa serikali kwetu. Basi wanaosema "si yataota tena?" wanasema kweli, yataota. Swali ni yanaota kwa mali ya nani. Ukinyang'anywa majani leo, mmea unachota wanga uliokwisha kuwekwa kwenye shina na mzizi ili utoe mengine. Ukichuma kila baada ya wiki mbili tatu, unaulazimisha kula akiba yake, na akiba hiyo ndiyo uliyokuwa unaingoja.

Mama zetu wanalijua hili ingawa hawalisemi hivyo. Kiangazi kikianza, Juni, muhogo unafunga vile vitundu usipoteze maji, na unaangusha majani mengi. Mvua za Septemba zikirudi unachipua upya kwa wanga wa chini. Ng'oa muhogo wiki hizo uone: una maji, ukiuanika unasinyaa, unga wake ni haba.

Na mozaiki je? Ule ugonjwa ulioitesa Uganda miaka ya 1990 ukasambaa mpaka kwetu husababishwa na virusi vinavyobebwa na nzi weupe na vijiti vya kupandia. Hauozeshi mzizi. Unashambulia jani: linapata mabaka ya manjano, linajikunja, linadumaa. Mwisho wa msimu ule mzizi ambao haukuguswa na kitu unatoka mwembamba. Virusi vikiharibu jani tunaita janga. Mikono yetu ikifanya kazi ileile tunaita ujirani mwema.

Sisemi tuache sombe, Bukavu nani angenisikiliza? Sombe yenye mawese, karanga na sambaza zilizokaushwa, wale samaki wadogo wa ziwani, sibadilishi na nyama. Na si ladha tu. Protini inaweza kufika robo ya uzito wa jani likishakauka, wakati mzizi ni wanga karibu mtupu. Mtoto anayekula bugali ya muhogo bila sombe wala maharagi anashiba, lakini hakui. Kwa hiyo ninapotetea mzizi sitaki mtu aelewe kwamba jani ni kitu cha chini. Ni kinyume chake, jani lina thamani mara mbili, na sisi tunalitoa bure.

Na kinu chetu kina akili kuliko tunavyofikiri. Jani la muhogo limejiwekea sumu ya kuwazuia wanaolila. Ndani ya kila seli kuna kemikali iitwayo linamarini, na kwenye ukuta wa seli kuna kimeng'enya kinachoivunja. Jani likiwa zima, viwili hivi havikutani. Mchi ukishapasua seli, vinakutana, na sianidi, ndiyo sumu yenyewe, inaanza kutoka. Sianidi hiyo inachemka kwenye nyuzi 26 tu za Selsiasi, basi sufuria iliyo wazi juu ya moto inaifukuza upesi. Ndiyo maana sipendi kuona majani yakichovywa kwenye maji ya moto kabla ya kutwangwa, eti yalainike: moto unaua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sehemu ya sumu inabaki palepale. Twanga kwanza, au peleka kwenye mashini, ndipo uchemshe, na mfuniko uache pembeni. Majani machanga, yale tunayoyapenda zaidi, ndiyo yenye sumu nyingi.

Sumu hiyo nayo hutengenezwa zaidi kwenye jani ikashushwa mzizini, kwa njia ileile ya sukari. Kwa mizizi michungu kazi ya kinu hufanywa na maji, kulowesha siku tatu au nne. Watu wakifupisha siku hizo kwa sababu ya njaa au ya kukimbiakimbia vita, na sahani ikawa haina protini, ndipo inapokuja konzo, kupooza kwa miguu kunakompata mtu ghafla na kusikopona. Daktari Giovanni Trolli aliieleza mwaka 1938 kule Kwango, magharibi mwa Kongo. Kivu ya Kusini nayo imekwisha kuiona, miaka ya vita.

Shina nitalipitia haraka, ingawa ndilo mbegu yetu halisi. Mzizi wa muhogo hauna macho. Kiazi ulaya kina macho kwa sababu kwa kweli ni shina lililojificha ardhini, ukikizika, kinaota. Ukizika muhogo, unaoza tu. Tunapanda kijiti cha sentimita 20 au 25 kilichokatwa kwenye shina lililokomaa, na kama shina lilitoka kwenye mmea wenye mozaiki, umepanda ugonjwa kwa mkono wako. Maua ya muhogo hayamshughulishi mtu, isipokuwa watafiti wanaozalisha aina mpya, kama wale wa INERA, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, huku Mulungu.

Mgomba una kisa cha namna hiyohiyo. Lile tunaloliita shina ni sehemu za chini za majani zilizokumbatiana. Shina la kweli liko chini ardhini. Mkungu ukishatoka, mgomba hautoi jani jipya tena hata moja. Kila jani bichi unalokata hapo kwa ajili ya mbuzi au kufunikia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, linapunguza ndizi zilizo juu yako, na hakuna litakaloota kuziba pengo. Bado watu hukata.

Sasa tufanyeje, maana sombe lazima iliwe? Mimi ningetenganisha. Mistari michache karibu na jiko ipandwe kwa msongamano, ikatwe kila mwezi, na mtu asiisubirie muhogo wa maana. Mistari ya muhogo iachwe kabisa mpaka mwezi wa nne hivi, mizizi ikiwa imeanza kunenepa, halafu ichumwe kwa nafasi, majani machache kwa kila mmea, bila kuvunja ncha. Najua ubishi utakuja hapo, kwa sababu sombe tamu iko kwenye ncha, majani ya chini ni magumu. Kweli. Ndiyo sababu naipenda zaidi njia ya uzio: kuna muhogo-mti, ule ambao Tanzania wanauita kisamvu mpira, unaorefuka, unaotoa majani mengi na ambao mizizi yake haitegemewi kwa chakula. Ukiuzungusha kwenye parseli una sombe ya mwaka mzima, na jirani akibisha hodi unamwonyesha uzio.

Kwa jirani anayetaka mboga ya jioni, desturi ibaki. Lakini siku hizi wanaokuja mashambani Kabare alfajiri na magunia hawachumi mboga ya jioni. Wanachuma kwa ajili ya soko, na sombe hiyo ikifika Nyawera au Kadutu inapangwa mafungu, kila fungu lina bei yake na hakuna mnunuzi anayelalamika. Mama mwenye shamba hapati kitu, labda asante, na msimu ukiisha anang'oa mihogo miembamba akisema udongo umechoka. Mwenye gunia ni mfanyabiashara, naye mama ni mfanyabiashara. Wapatane bei pale shambani, gunia likiwa bado tupu.