Dira ya Mkono Ijaribiwe Hapa Kwetu Kwanza

Binamu yangu aliporudi likizo kutoka Ulaya aliniletea dira ya mkono, nzuri kwa macho, yenye tundu la kulengea, kamba ya kuvaa shingoni na mkoba wake wa turubai. Siku ya pili yake niliichukua Mkokotoni, nikakaa omo, yaani sehemu ya mbele, kwenye ngalawa ya ami yangu na kujaribu kulenga ncha ya kisiwa cha Tumbatu. Sahani ya namba ilizunguka kidogo ikakwama. Nikaitikisa, ikasogea kama digrii 15, ikakwama tena. Nilipoigeuza na kuitazama kwa ubavu, niliona upande mmoja wa sahani umezama mpaka unagusa sakafu ya kile kichupa chenye maji yake, na upande wa pili umenyanyuka karibu na kioo. Ami alinyoosha shingo kutoka kwenye usukani, akaitazama kwa muda, kisha akauliza: "Mwanangu, dira yako inatafuta kaskazini au inatafuta pweza?"

Dira ile haikuwa mbovu, na aliyeitengeneza hakukosea. Ilitengenezwa kwa ajili ya bahari nyingine. Nguvu ya sumaku ya dunia haivuti sindano ya dira, iliyoshikamana na sahani, kwa usawa tu, bali huivuta pia kwenda chini au juu, na kiasi cha mvuto huo hubadilika kulingana na mahali. Katika Ulaya ya kaskazini ncha ya kaskazini ya sindano huvutwa chini kwa nguvu, kwa hivyo watengenezaji huongeza uzito kidogo upande wa kusini ili sahani ikae sawa. Mstari ambao juu yake sindano hailali upande wowote unapita mbali kaskazini yetu, katika nchi ya Ethiopia, maana yake ni kwamba Unguja na Pemba ziko upande ambao ncha ya kusini ndiyo inayovutwa chini. Ukiileta huku dira ya Ulaya, uzito uliowekwa kusini na mvuto wa dunia vyote viwili vinaelemea upande mmoja, na sahani inalala kama jahazi lililokaa mchangani maji yakiwa yamekupwa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu vijana wengi wanaoniuliza kuhusu dira za mashindano huanza na bei, au na jina la kampuni, au na wingi wa alama zilizochorwa juu ya sahani. Maoni yangu ni kwamba kwa mtu anayesafiri na kushindana katika bahari hii swali la kwanza ni dira hiyo ilisawazishwa kwa ajili ya sehemu gani ya dunia, na la pili ni kama unaweza kuisoma kwa mkono mmoja huku chombo kinaruka na maji ya chumvi yanakumwagikia usoni. Hayo mawili yakishajibiwa, mengine yote ni mapambo au ni ladha ya mtu.

Kampuni kongwe kama vile Silva ya Sweden, iliyoanza mwaka 1933, na Suunto ya Finland, iliyoanza mwaka 1936, zimezoea kutengeneza dira zilizosawazishwa kwa kanda mbalimbali za dunia, na zipo pia aina zilizobuniwa ili zifanye kazi popote bila ya sahani kukwama. Habari hizo huandikwa kwenye karatasi ya maelezo au nyuma ya dira yenyewe. Anayeagiza kwa ndugu aliye nje amwambie ndugu huyo asome maandishi hayo kabla ya kulipa. Anayenunua hapa mjini ana njia nyepesi zaidi: aiweke dira kwenye kiganja kilicho sawa, aitazame kwa ubavu, kisha aiinamishe polepole mbele, nyuma na pembeni, aone sahani inaanza kugusa wapi. Ngalawa inayokwenda joshi, yaani karibu na upepo unakotoka, hailali kama mashua isiyo na matengo, zile mbao za ubavuni, lakini mkono wa mtu aliyekaa juu ya tengo lenyewe hauko sawa hata mara moja, na dira isiyostahimili kuinama kwa kiasi fulani haitakufaa kwa lolote. Muuzaji mmoja aliwahi kunikatalia kufungua boksi kwa hofu kwamba ningeichafua bidhaa yake. Nilimuachia boksi lake.

Kuhusu umbo, nina upendeleo na sioni haya kuusema. Dira bapa za kupandia milima, zile zenye kipande cha plastiki chenye rula, ni nzuri juu ya ramani iliyotandikwa mezani na hazifai kitu juu ya chombo. Zile zenye tundu dogo la kuchungulia kwa jicho moja ni sahihi sana nchi kavu, na fundi wa kupima viwanja atazipenda, ila baharini jicho linachoka na wimbi linakuondolea kitu unacholenga kabla hujakisoma. Ninayoipenda mimi ni ya duara, nene kama kisosi, iliyozungushiwa mpira, yenye kioo cha pembe tatu juu yake ambacho kinakuonesha namba na kile unachokilenga kwa wakati mmoja bila ya jicho kuhangaika kubadilisha umbali. Plastimo ya Ufaransa ina moja ya namna hiyo iitwayo Iris 50, ambayo mabaharia wa mashua za tanga wameitumia kwa miaka mingi. Ikianguka kwenye mbao haipasuki, ukiivaa shingoni haikukwaruzi, na mpira wake hautelezi mkono ukiwa umelowa mafuta ya samaki. Namba zake nene zinasomeka hata na mimi ambaye miwani yangu naiacha nyumbani.

Wingi wa alama usimdanganye mtu. Sahani yenye alama kwa kila digrii 1 inapendeza, lakini juu ya ngalawa inayorukaruka ukipata usomaji wa kuaminika ndani ya digrii 3 umefanya kazi nzuri, na namba kubwa zilizoachana vizuri zitakusaidia kuliko mistari midogo iliyosongamana. Kwa safari fupi hata hizo digrii 3 si tatizo. Kwa safari ndefu hesabu inabadilika: kutoka Nungwi kwenda Pemba ni karibu kilomita 50, na mtu anayekosea digrii 5 njia nzima atajikuta amepotoka zaidi ya kilomita 4, bado hajauhesabu mkondo unaosukuma kwenda kaskazini, ambao wakati wa kusi unazidi nguvu. Tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani kwa upande wetu ni digrii chache tu kuelekea magharibi. Anayefanya kazi na ramani aisome hapo hapo kwenye ramani yake. Anayeshindana kuzunguka maboya mawili mbele ya Forodhani hana haja nayo hata kidogo.

Na hapo ndipo penye utamu, kwa sababu wazee wengi hucheka wakiona kijana ana dira katika mashindano. "Boya si lile pale? Wataka dira ya nini?" Hoja yao ni ya kweli kwamba dira haihitajiki kwa kulitafuta boya. Ninachopingana nao ni kudhani kwamba kazi ya dira ni kutafuta njia peke yake. Katika mashindano dira hupima upepo, na upepo, hata wa kusi tunaousifu kwa uthabiti wake, huyumba kushoto na kulia kila baada ya muda kwa kiasi ambacho jicho halikitambui mapema.

Tuchukue mfano. Kusi linavuma kutoka digrii 170 na boya la juu liko huko huko upepo unakotoka. Ngalawa yetu haiwezi kuukaribia upepo zaidi ya digrii 60 hivi, kwa hivyo inabidi tubishe: mara tunashika 230, mara tunageuza tanga na kushika 110. Tukiwa kwenye 230, nahodha hajabadilisha kitu, tanga limejaa vilevile, lakini mimi niliyekaa omo nikilenga kwa mstari wa mlingoti na gubeti, ile ncha ya mbele ya chombo, nasoma 240. Upepo umehamia 180 na umetusukuma mbali na boya. Tungeendelea hivyo tungekuwa tunapiga maji bure. Tukigeuza wakati huo tutashika 120, yaani digrii 50 tu kutoka kwenye boya badala ya 70. Anayetegemea macho ataigundua habari hiyo baada ya dakika kadhaa, pale atakapoona ngalawa ya jirani imempita kwa sababu asizozielewa. Kugeuza tanga la ngalawa, na foromali yake, ule mti unaobeba tanga, inayopaswa kuzungushwa, ni kazi nzito inayopoteza mwendo, ndiyo maana sishauri kugeuza kwa kila digrii 5. Lakini digrii 10 zikikaa kwa muda, gharama ile inarudi.

Kwenye mstari wa kuanzia dira ya mkono inaishinda hata ile iliyofungwa kwenye chombo. Kabla ya kuanza, elekea upepo usome namba yake, tuseme 170. Kisha simama kwenye mwisho wa magharibi wa mstari na ulenge mwisho wa mashariki. Kama mstari umewekwa sawa na upepo utasoma 080. Ukisoma 090, mwisho wa mashariki uko karibu zaidi na upepo, na kama mstari una urefu wa mita 100, anayeanzia huko amepewa zawadi ya mita 17 kabla hata filimbi haijalia. Mimi nimeshuhudia ngalawa 7 zimejazana kwenye mwisho usiofaa kwa sababu tu ya kwanza kufika ilikaa hapo na nyingine zikaifuata.

Kwa ami nilijifunza kwamba namba hazipigiwi kelele ndani ya chombo. Mwanzoni nilikuwa namsomea kila nilichokiona, mpaka akaniambia ninyamaze kwani namvuruga. Siku hizi namwambia maneno mawili tu, "tunapata" au "tunapoteza", na yeye ndiye anayeamua.

Zipo dira za kielektroniki na zipo simu, na sizidharau. Simu ina sumaku ya spika ndani yake, huhitaji kuzungushwa hewani kwa umbo la nane ili ijisawazishe, kioo chake hakisomeki kwenye jua la saa sita, na kidole kilicholowa hakiiamrishi. Baadhi ya madaraja, yaani makundi, ya mashua za mashindano hukataza vifaa vya kielektroniki, kwa hivyo kijana anayetamani kushindana nje asome kanuni za daraja lake kwanza. Simu hiyo hiyo ukiiweka mfukoni mwa kifua, chini ya dira uliyoivaa shingoni, itaiharibu kazi yake. Na panga, nanga na redio navyo ni hivyo hivyo. Ijaribu kwa kuisogeza dira karibu na kila chuma kilicho chomboni na kutazama sahani inatikisika wapi.

Kwa usiku, rangi inayonyonya mwanga inatosha ikiwa unaimulika kwa tochi kabla. Zile zenye gesi ya tritiamu hung'aa zenyewe, ila mwanga wake hupungua nusu baada ya miaka 12 hivi, kwa hivyo ya mtumba isikuvutie. Usiku ndipo dira ya mkono inapofanya kazi yake muhimu kuliko mashindano yote: ukiiona taa ya boti ya abiria, ilenge, subiri dakika moja, ilenge tena. Kanuni ya 7 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 inatutaka tuhesabu kwamba hatari ya kugongana ipo kama namba haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana huku chombo kinakaribia. Boti za mwendo kasi hazikupi nafasi ya kulenga mara ya nne.

Povu dogo ndani ya maji ya dira si ugonjwa, lakini likikua kiasi cha kuizuia sahani, maji yanavuja. Usiiache kwenye dashibodi ya gari wala juu ya mbao juani.

Ile ya binamu nimeirudisha Ulaya pamoja naye, iliko na kazi. Juzi aliniandikia kutoka dukani akinitumia picha ya nyuma ya dira nyingine, akiuliza kama maandishi yale ndiyo yenyewe. Nilimuomba amwombe muuzaji aifungue boksi na aiweke kwenye kiganja. Akajibu kwamba kule inakaa sawa kabisa, haina kasoro hata kidogo. Nikamwambia basi asiinunue.