Mvinyo Hadi Leveli 70, Kisha Pika Unachokula

Kila anayeanza Old School RuneScape, mchezo wa mtandaoni, akauliza namna ya kupandisha upishi haraka, hujibiwa neno moja: mvinyo. Nunua zabibu, nunua majagi ya maji, simama benki, yaani ghala la vitu vyako mchezoni, bofya mpaka leveli 99, iliyo ya juu kabisa. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu ya jibu. Nusu iliyoachwa ndiyo inayowafanya watu wengi wamalize stadi nzima ya upishi wakiwa hawana samaki hata mmoja wa kwenda naye vitani.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu: Jagex, kampuni ya Cambridge huko Uingereza, iliufungua Februari 2013 kwa kutumia nakala ya RuneScape ilivyokuwa mwaka 2007. Kila stadi hupimwa kwa alama za uzoefu, yaani XP, na jedwali lake halijabadilika. Leveli 99 inataka XP 13,034,431, na nusu ya safari hiyo unaifikia leveli 92. Leveli 70, ambayo kwa kuitazama tu ungedhani iko jirani na 99, inataka XP 737,627. Maana yake 99 ni zaidi ya mara 17 ya 70. Ushauri unaomfaa mtu aliye chini ya 70 unaweza kumpotezea muda akishavuka hapo, na wengi wanaotoa ushauri hawaitofautishi mipaka hiyo miwili.

Mwanzo ni rahisi na haubishaniwi sana. Pale Lumbridge, mji unaoanzia mchezo, mpishi wa ngome anahitaji yai, maziwa na unga kwa keki ya siku ya kuzaliwa ya Duke Horacio. Ukimletea unapata XP 300. Nenda Varrock ukamsaidie Gertrude kumpata paka wake, unapata 1,525. Misheni hizo mbili zinakufikisha 1,825, yaani leveli 12, ukiwa umepungukiwa XP 8 tu kuingia 13. Kamba mmoja aliyeiva ana XP 30, kwa hiyo ni yeye anayekuvusha. Leveli 15 unaanza trauti kwa XP 70 kila mmoja, leveli 25 unahamia salmoni kwa 90. Trauti 78 wanatosha kukutoa 15 hadi 25, na salmoni sitini na kitu wanakufikisha 30, bila kuhesabu watakaoungua.

Hapa nasisitiza: wavue mwenyewe pale mtoni Barbarian Village. Utauhitaji uvuvi baadaye, na idadi ya samaki ni ndogo kiasi kwamba kuwanunua hakukuokolei muda wa maana. Pia wapike kwenye jiko, si kwenye moto wa kuni. Kwa baadhi ya vyakula, jiko linaunguza kidogo kuliko moto.

Leveli 35 mvinyo unafunguka, na mpaka 70 sina njia bora ya kumpa mtu. Begi lina nafasi 28, kwa hiyo unabeba zabibu 14 na majagi 14 ya maji. Unabofya zabibu juu ya jagi, unachagua kutengeneza yote, na kila jagi linachukua sekunde 1.2. Mafungu 14 yanaisha ndani ya sekunde 17 hivi, unarudi benki iliyo mbele yako, unaanza tena. XP haiingii papo hapo. Mvinyo unachacha kwanza, na kila ukitengeneza jagi jipya saa ya kuchacha inaanza upya, hivyo unaweza kukaa muda mrefu bila kuona chochote kikipanda, halafu ukipumzika kidogo XP yote inakumiminikia kwa mkupuo. Wageni wengi huogopa wakidhani kuna kitu kimeharibika. Hakuna kilichoharibika. Kila jagi lililofaulu lina XP 200, na kwa mwendo huo unakaribia XP 480,000 kwa saa. Hata asiyelipia uanachama anaweza kufanya hivi.

Kutoka 35 hadi 70 ni majagi 3,600 hivi, ukiacha yatakayoharibika. Mvinyo huharibika mpaka ufike leveli 68, basi ongeza akiba kidogo. Hiyo ni saa moja na nusu hadi mbili za kazi.

Ninaitaja 70 kwa sababu ni leveli yenye kazi. Misheni ya Recipe for Disaster inaitaka ili uimalize yote, na ndiyo inayokufungulia barrows gloves, glovu ambazo mtu wa kawaida atapigana nazo kwa muda mrefu sana. Mpishi uliyempelekea yai na unga ukiwa huna kitu ndiye unayemkuta tena pale Lumbridge, karamu imevurugika na wageni wake wamegandishwa, na upishi wako ni sehemu ya kuwaokoa. Napenda sana jinsi mchezo ulivyofanya hivyo. Upishi hapo unafungua mlango ambao upanga peke yake hauwezi kuufungua.

Sasa ukishavuka 70, simamisha mvinyo. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi.

Tazama unachobaki nacho. Kufika 99 kwa mvinyo tangu 35 ni majagi zaidi ya 65,000. Jagi moja linarudisha afya 11 na kukupunguzia nguvu ya shambulio kwa 2, kwa hiyo hakuna anayekwenda kupigana na bosi, yaani adui mkubwa, akiwa amebeba mvinyo. Utauza wote, na bei yake haina mazoea ya kukurudishia ulichonunulia zabibu. Halafu hesabu umakini wako. Saa moja ya mvinyo ni safari za benki kama 170. Huwezi kusoma kitu, huwezi kusikiliza mtu vizuri, huwezi kugeuka kumjibu mtoto. Jedwali la XP kwa saa haliandiki gharama hiyo, ilhali ndiyo gharama kubwa kuliko sarafu.

Kwa mwenye nia ya kukaza mkono kweli, chakula ninachokitetea ni karambwan, yule pweza wa kijani wa kisiwa cha Karamja. Unahitaji kumaliza Tai Bwo Wannai Trio, misheni ndogo inayotaka upishi 30, wepesi 15 na uvuvi 5 tu, baada ya Jungle Potion. Usipoimaliza, pweza unayempika anatoka na sumu. Ukishajua kumpika, kila mmoja ana XP 190. Ajabu yake iko kwenye mwendo. Samaki wa kawaida anachukua sekunde 2.4 jikoni, lakini pweza huyu ukishikilia kitufe cha 2 kwenye kibodi huku ukimbofya na kulibofya jiko mfululizo, anaiva kila baada ya sekunde 0.6. Pweza 28 wanakwisha ndani ya sekunde 17, muda uleule wa mafungu 14 ya mvinyo, na mwenye mkono mwepesi anakaribia XP 900,000 kwa saa. Unafanya mwenyewe kwa vidole vyako. Programu za kubofya kwa niaba yako ni kinyume cha sheria za mchezo na akaunti hufungiwa, kwa hiyo usiziguse.

Lakini XP si sababu yangu ya kwanza. Karambwan anarudisha afya 18, na tofauti na vyakula vingine, unaweza kumla papo hapo baada ya chakula kingine. Papa mmoja anarudisha 20, ukimfuatisha pweza umepata 38 kwa mara moja, kabla adui hajapiga tena. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya bosi akiwa na afya kidogo anajua thamani ya hilo. Kila saa uliyopika pweza inabaki ghalani kwako kama maisha ya akiba. Ubaya wake ni kwamba wanaungua mpaka 99, na ndiyo maana nasema uanze ukiwa 70 na kuendelea, usianze 30 hata kama mchezo unakuruhusu.

Kuna na upande wa pili, ambao kwangu ni muhimu kuliko huo. Wengi wetu tunacheza kwenye simu, maana toleo la simu lilitoka Oktoba 2018 na akaunti ni ileile ya kompyuta. Kwenye kioo kidogo, kwa bando linaloyumba, mbinu ya pweza wa haraka ni mateso. Hapo pika papa au monkfish kwa utulivu. Unajaza begi, unabofya jiko mara moja, na kwa zaidi ya dakika moja huhitaji kugusa kitu. Papa ana XP 210, anafunguka leveli 80, na begi zima ni XP 5,880 kwa mibofyo michache. Mtandao ukikatika, hakuna anayekuua jikoni. Unarudi ukiwa na samaki wako waliobaki. Kwa saa utapata kama theluthi ya wanachopata wale wa pweza, lakini saa hiyo umeifanya ukiwa kwenye daladala au ukisubiri zamu kwenye benki ya kweli mjini, saa ambayo vinginevyo isingekuwa na XP yoyote.

Kabla ya kupika papa, tafadhali maliza Family Crest upate cooking gauntlets. Misheni inataka uchawi 59, na uchimbaji, uhunzi na ufundi wa mikono kwa leveli 40 kila kimoja. Glovu hizo zinapunguza sana kuungua. Kamba koche huacha kuungua leveli 74 bila glovu, ukizivaa wanaacha 64. Papa anaacha 94 ukiwa nazo, na bila hizo unaweza kumuunguza hata ukiwa 99. Kwa pweza hazisaidii chochote, kwa hiyo kila chakula na vifaa vyake. Jiko la Hosidius kule Great Kourend nalo linapunguza uwezekano wa kuunguza kwa asilimia 5, ni mahali pazuri pa kukaa.

Jambo moja linaniuma kila nikiliona: watu kununua bond, kitu cha mchezoni kinachouzwa na Jagex, kwa pesa halisi ili waiuze sokoni wapate sarafu za zabibu. Upishi ni kati ya stadi nafuu kabisa mchezoni. Kama sarafu zimekwisha, nenda kavue. Utapandisha stadi mbili kwa samaki yuleyule.

Wanaocheza kama ironman, ambao hawaruhusiwi kununuliana na wenzao, hawana haja ya kuambiwa haya. Wao wanapika walichovua na wanakula walichopika, na leveli inapanda njiani kwa sababu bosi anayefuata anahitaji chakula. Nikimwona mgeni anaanza leo, ningependa aige mpango wao hata kama akaunti yake ni ya kawaida: aamue kwanza anataka kupigana na nani, ahesabu atahitaji pweza na papa wangapi, kisha awashe jiko. Akitaka kuendelea hadi 99, lile joho la upishi linauzwa sarafu 99,000 na Head Chef pale Cooking Guild, magharibi ya Varrock, na ukilivaa huunguzi chakula chochote. Pweza uliobaki nao ghalani, hao ndio wa kupika ukiwa umelivaa.