Alijibu "haha" kwa bosi. Je, aliridhia?

Saa nne usiku simu inaita. Ni ujumbe wa meneja: "Umelala? Leo ulipendeza mno." Binti anausoma mara mbili, kisha anajibu: "Haha, asante bosi." Mkataba wake unaisha mwezi ujao, na wa kuusaini ni huyohuyo. Siku anapolalamika, ile "haha" inasomwa mbele ya kamati ya nidhamu kuonyesha kwamba alifurahia.

Malalamiko mengi ya unyanyasaji wa kingono kazini hukwama hapo. Rushwa ya ngono haina utata: toa mwili upate cheo, kataa ufukuzwe. Ugumu upo kwenye mizaha, ujumbe na kushikwashikwa. Katika kesi ya Meritor dhidi ya Vinson ya mwaka 1986, Mahakama ya Juu ya Marekani iliuliza kama mfanyakazi alivitaka vitendo vya kingono alivyolalamikia. Kwamba alishiriki kwa hiari hakukutosha kumaliza kesi. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nacho kinaangalia kama tabia hiyo haikutakiwa au ilimuudhi mwajiriwa mwenyewe.

Upande wa pili wanauliza: mtu atajuaje kwamba anaudhi ikiwa mwenzake anacheka? Swali hili siwezi kulipuuza. Tuhuma huharibu jina kabla mtuhumiwa hajafungua mdomo, kwa hiyo asomewe madai, apewe muda, asikilizwe. Sheria ya India ya 2013 kuhusu unyanyasaji huu kazini imejaribu kuwalinda wote wawili: anayezua uongo kwa nia mbaya anaadhibiwa, ila kushindwa kuthibitisha peke yake hakumfanyi mlalamikaji mwongo. Hapo naiunga mkono. Ukomo wake wa miezi 3 ya kulalamika, hata kama unaweza kuongezwa, naona unambana mtu ambaye bado yuko chini ya bosi yuleyule.

Kwangu mimi, meneja ndiye wa kubeba tahadhari, maana yeye akikataliwa hapotezi mshahara. Wala asiseme saa za kazi zilikuwa zimekwisha: Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, unagusa hata mawasiliano ya simu yanayohusiana na kazi. Kamati isome mazungumzo yote, iangalie saa yalipotumwa, na iulize nani alikuwa ameshika kalamu ya kuusaini mkataba wa kazi wa yule binti.