Wenzangu wa Ughaibuni, Acheni Kutuma Kava za Siti Nyumbani

Kila Desemba masanduku kutoka Marekani hubeba kava za siti za pikapu, zimenunuliwa kwa dola, pakiti imeandikwa Toyota kwa herufi kubwa. Zikifika Nakuru au Kisumu haziingii. Toyota Hilux haiuzwi Marekani tangu pikapu ya Tacoma ilipochukua nafasi yake mwaka 1995, na pikapu ya Isuzu D-Max haiuzwi huko kabisa. Kava iliyokatwa kwa umbo la Tacoma haitakaa kwenye Hilux ya single cab (yenye safu moja ya siti) inayobeba maziwa Njoro, hata ivutwe vipi.

Naelewa tabia hii inatoka wapi. Huku ng'ambo mikono ni ghali na bidhaa za tayari ni tele. Mwenye Ford F-150 anataja mwaka wa gari, analetewa mlangoni kava iliyoshonwa pamoja na sponji yenye umbo la siti yake, kisha anavalisha mwenyewe Jumamosi. Akimpelekea fundi, atalipa kwa saa, na gharama ya mikono itapita ya kitambaa kwa mbali. Nyumbani mambo yamegeuka: fundi wa kushona viti pale soko la Kibuye, Kisumu, anaweza kufumua kava kuukuu na kukata mpya kwa kipimo chake, kwa pesa ambazo Marekani hazitoshi hata kufunguliwa mlango wa karakana. Huo ni utajiri, nasi tunauruka kwa kutuma kitu kisichotoshea.

Kinachopungua nyumbani ni vifaa, na muda wa kufungua siti sawasawa. Fundi mwenye foleni huvalisha kava mpya juu ya kuukuu. Jasho na vumbi hubaki katikati, kitambaa hakina kinachokishika chini, na baada ya miezi michache kinatembea na kukunjamana kila mtu anapopanda. Kwa hiyo mimi nashauri hivi: siti uifungue na kuivalisha mwenyewe, ushonaji umwachie fundi, na sisi wa huku tutume kile ambacho ni shida kupatikana.

Anza na betri. Chomoa waya wa hasi na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa waya wowote chini ya siti, hasa plagi ya njano, maana hiyo ni ya eabegi (mfuko wa hewa unaofutuka ajali ikitokea). Kama eabegi imo ubavuni mwa siti yenyewe, egemeo liache lilivyo. Mshono wa hapo umetengenezwa upasuke kwa nguvu maalum, na uzi wa kawaida utauzuia. Shona kikalio peke yake.

Kwenye Toyota nyingi siti hushikwa na bolti nne za kichwa cha milimita 14. Sogeza siti nyuma ufungue za mbele, kisha mbele ufungue za nyuma. Gari la Minnesota, jimbo la baridi kali Marekani, huwa na bolti zilizoliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, zinalowekwa mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha. La kwetu lina matope makavu kwenye reli: kwangua kwa brashi ya waya kwanza, la sivyo soketi itakaa juu juu na kuvunja kona za bolti.

Geuza siti. Kingo za kava zimenaswa kwa plastiki yenye umbo la ndoano, na ndani zaidi kuna pete ndogo za waya zinazofunga kava kwenye fremu na kwenye sponji. Zikate kwa plaisi ya kukatia huku umevaa miwani, kwa sababu vipande huruka. Ndani ya mifuko iliyoshonewa chini ya mishono kuna waya mrefu mwembamba. Usiutupe! Ndio unaovuta ile mifereji ya siti iingie ndani, na kava mpya ikivalishwa bila huo waya, mifereji huinuka na siti hufura kama mkate.

Kabla ya kufumua, piga mistari ya chaki inayokatiza kila mshono, kila sentimita 10 hivi. Kila kipande kiandike kwa kalamu ya wino mzito: mahali pake, kulia au kushoto, na mshale wa upande wa mbele. Fumua kwa wembe, siti moja tu. Ya pili ibaki nzima mpaka ya kwanza iishe, ili fundi awe na ya kutazamia. Ukimpelekea vipande vilivyopigwa alama hivi, kazi yake inabaki kukata na kushona, na bei inapungua. Mwambie tu kwamba kava kuukuu limevutika kwa miaka, hivyo sehemu iliyolegea isikatwe ilivyo bali ipimwe kwa upande wa pili ambao haukukaliwa sana.

Siti mbili za single cab zinahitaji mita 4 za kitambaa chenye upana wa sentimita 137. Hapa ndipo sanduku lako linapofaa. Reksini ya boti (ngozi bandia ya viti vya mashua), iliyotiwa kinga ya jua, ina uzito wa karibu kilo moja kwa mita, kwa hiyo kwa uzito mita 4 zinaingia bila shida kwenye mzigo wa kilo 23. Izungushe kwenye bomba la karatasi, usiikunje. Ongeza kidonge kikubwa cha uzi wa polista wa namba 69, sindano za namba 18, plaisi ya kubania pete na pakiti ya pete 100. Uzi wa pamba usiutume wala usiukubali. Jasho na jua la Kisumu huuozesha, na mshono wa ubavuni mwa dereva ndio hufunguka kwanza. Fundi ashone hatua za milimita 4. Hatua fupi hutoboa reksini kama stempu, na siku mtu mzito akipanda itachanika kwenye mstari.

Kitambaa cha sofa kina jambo moja linalonitia wasiwasi. Marekani ina sheria tangu 1972 kwamba kitambaa cha ndani ya gari kisiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Cha sofa hakikutengenezwa kwa kipimo hicho. Kata kipande, kishike kwa koleo ukiwashe nje. Kikishika moto haraka na kudondosha matone yanayowaka, tafuta kingine.

Sponji ya upande wa mlango ndiyo huchoka, kwa sababu dereva huiteremkia kila siku. Kata sehemu iliyopondeka kwa kisu cha mkate, bandika kipande cha sponji ngumu kwa gundi ya viatu. Paka pande zote mbili, ngoja mpaka isishike kidole, ndipo ubandike. Sponji ya godoro la bei nafuu italala mapema sana. Chini yake tandika gunia la katani, maana springi za waya zinakata sponji polepole kama msumeno, na wengi hulaumu sponji.

Kuvalisha, anika kava juani nusu saa. Kule nyumbani tumebarikiwa: Minnesota mwezi wa Januari reksini ni ngumu kama bati na inahitaji mashine ya kupuliza hewa moto. Funika sponji kwa karatasi ya plastiki inayofunika magodoro mapya (mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017) ili kava iteleze, na kava ikishakaa vuta plastiki itoke. Bana pete kuanzia katikati kuelekea kingo, kila sentimita 6. Ukianzia pembeni, mikunjo yote itakusanyika katikati na hutaitoa. Mkunjo mdogo unaobaki karibu na mshono hutibiwa kwa pamba ya polista chini yake. Kuvuta kava zaidi kunautanua tu.

Ukirudisha siti, bolti zote nne zianze kwa vidole kabla ya kukaza hata moja, maana mashimo ya sakafu hayasameheki yakipigwa nyuzi kombo. Mkazo wa Toyota nyingi ni nyutoni mita 37. Kisha sogeza siti mbele na nyuma na usikilize reli zote mbili zikijifunga, na plagi zote zirudishwe kabla ya kugusa betri, vinginevyo taa ya eabegi itawaka na haitazimika bila mashine ya kusomea kompyuta ya gari.