Farasi wa dola 15,000 kwa nauli ya farasi wa dola 200

Ni rahisi kuisoma hukumu ya Hart dhidi ya kampuni ya reli ya Pennsylvania, iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1884, kama kisa cha mnyonge aliyedhulumiwa. Farasi watano walipakiwa Jersey City kwenda St. Louis, mmoja akafa kwa uzembe wa reli, na wengine wakaumia. Aliyekufa alikuwa farasi wa mbio mwenye thamani ya dola 15,000, lakini mwenye mali, Hart, akaambulia dola 1,200 kwa behewa zima.

Hoja ya upande wake si nyepesi. Mwaka 1873, katika shauri la Lockwood, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua kwamba reli haiwezi kujivua dhima ya uzembe wake kwa mkataba, kwa sababu mteja hana nguvu ya kubishana nayo dirishani. Ikiwa kujivua dhima yote ni haramu, kwa nini iruhusiwe kulipa mwisho dola 200 kwa farasi wa dola 15,000, yaani kujivua sehemu 74 kati ya 75? Jaji Blatchford, aliyeandika hukumu ya Hart, alijibu kwamba kikomo cha fidia hakiichochei reli kuzembea, jibu ambalo, nakiri, halimridhishi mtu aliyewahi kuona mzigo wa bei ndogo unavyotupwatupwa.

Hata hivyo, tuitazame ile dola 200. Haikuwa adhabu iliyofichwa. Ilikuwa kipimo cha nauli. Hati ya shehena aliyoitia saini Hart ilieleza kwamba kila farasi asafirishwe kwa thamani isiyozidi kiasi hicho, na behewa la kukodi kwa dola 1,200, na bei ya kusafirisha ilipangwa kwa msingi huo. Hart hakuwahi kudai mahakamani kwamba hakuielewa hati wala kwamba alihadaiwa. Aliyemtangaza farasi wake kuwa wa dola 200 wakati wa kulipa, kisha akamtangaza kuwa wa dola 15,000 wakati wa kudai, anaiomba reli ibebe hatari ambayo hakuilipia. Na kwa kuwa reli haitoi fedha hewani, hatari hiyo ingeishia kwenye nauli ya mkulima mwenye farasi wa plau. Huyo ndiye mnyonge asiyetajwa katika shauri hili.

Kongresi nayo iliyumba. Mwaka 1915 ilipiga marufuku vikomo vya fidia kwa sehemu kubwa ya mizigo, lakini mwaka uliofuata ikalegeza, ikiruhusu nauli zinazofuata thamani aliyoitangaza mteja, kwa idhini ya Tume ya Biashara baina ya Majimbo, iliyosimamia reli. Mifugo ya kawaida ilibaki na haki ya fidia kamili, na sheria ikaeleza ni mifugo gani isiyo ya kawaida: wale wenye thamani hasa kwa uzalishaji, kwa maonyesho, kwa mbio, au kwa matumizi mengine maalumu.