Salamu za kundi na ugonjwa wa viazi

Mvua zikianza, makundi ya WhatsApp ya wakulima wa viazi mviringo huku Nyanda za Juu Kusini huchangamka, na lawama ni ileile kila msimu: salamu zimezidi. Alfajiri ni "ugonile" kutoka Rungwe na "kamwene" kutoka Njombe, halafu rambirambi, michango ya harusi, dua. Anayetafuta dawa ya ukungu anapekua meseji mpaka bando linakata. Wanaolalamika wanataka kundi la kazi tu: picha, swali, jibu, basi.

Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Mtu haonyeshi shamba lake linalokufa mbele ya umati asioujua. Mama wa Umalila aliyepewa pole ya msiba juzi ndiye atakayethubutu kuuliza leo. Ukifuta salamu, unabaki na wajuaji watatu na wasomaji wa kimyakimya (ambao nao wanajifunza, hata wakiitwa wadandiaji).

Wasiwasi wangu uko kwingine: watu wakishapendana, wanaogopa kupingana. Chukua picha ya kawaida kabisa. Viazi vimelegea mchana, majani bado ni ya kijani. Mzee mmoja anayeheshimika anajibu: ukungu huo, piga mankozebu. Wengine wanafuata, "kweli kabisa mzee", na vidole gumba. Kumbe ukungu huacha mabaka meusi, na asubuhi yenye unyevu ukiligeuza jani unaona utando mweupe kwa chini. Mmea unaonyauka ungali kijani unatia shaka ya mnyauko bakteria, na huo hautibiki kwa dawa ya ukungu hata upulize kila siku.

Kipimo chake hakina gharama. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usiitikise. Baada ya dakika chache, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye mkato, ng'oa mmea huo na viazi vyake, utoe shambani, na usichukue mbegu hapo.

Sasa nani amwambie mzee? Kijana akisema wazi, hana adabu. Akinyamaza, watu wananunua dawa bure na mbegu yenye ugonjwa inahamia kijiji cha pili. Angeweza kutuma picha ya glasi tu: "Shikamoo mzee, nimejaribu hivi, hebu tuangalie pamoja." Kundi ambalo bwana shamba anajibu peke yake halina aibu hizi, lakini bwana shamba mmoja ana vijiji vingapi? Na kutoka Makete hadi watafiti wa kilimo wa TARI Uyole, Mbeya, si safari ya kupeleka jani moja.

Ningekuwa admini, salamu ningeziacha zilivyo. Ningeweka sharti moja: asitaje dawa mtu yeyote, wauza pembejeo wakiwamo (na hawakosi), kabla mwenye shamba hajaonyesha jani kwa chini na shina likiwa kwenye maji.