Simu za intaneti ofisini: kinachokata sauti si udogo wa laini

Wanaotetea simu za intaneti hutaja bei. Wanaozipinga hutaja sauti inayokatikakatika. Pande zote mbili zina hoja, ila lawama mara nyingi hupelekwa pasipostahili.

Tuanze na hesabu. Kodeki (kanuni ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, biti 8 kila kipimo: kilobiti 64 kwa sekunde. Sauti hiyo hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti na baiti 40 za anwani na maelekezo. Jumla ni kilobiti 80 kila upande. Kodeki nyingine, G.729, hubana sauti hadi baiti 20 kwa pakiti, lakini anwani hazipungui, kwa hiyo bahasha inakuwa nzito kuliko barua na matumizi hufika kilobiti 24.

Laini ya megabiti 5 za kupakia basi inatosha kwa simu nyingi. Mbona sauti inakatika? Mtu mmoja akipakia video, pakiti zake hujaza foleni ndani ya modemu na za sauti hukwama nyuma yake. Ucheleweshaji ukipita milisekunde 150 kwa upande mmoja, watu huanza kudakiana maneno. Simu inayopokea huweka akiba ndogo ya sauti ya kusubiria pakiti zinazochelewa; inayochelewa kupita akiba hiyo hutupwa kabisa. Kununua kasi zaidi huficha tu tatizo. Dawa ni kuweka kikomo cha kupakia kwenye ruta, karibu asilimia 90 ya kasi iliyopimwa, ili foleni isijae kwenye modemu, na kuipa sauti kipaumbele. Ukisikika lakini humsikii mwenzako, shuku NAT, yaani mfumo wa ruta wa kushirikisha vifaa vya ndani anwani moja ya intaneti. Zima kwanza SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadilisha ujumbe wa simu za intaneti.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni umeme. Simu ya waya wa shaba hupata volti 48 kutoka kituo cha simu. Ya faiba huzimika pamoja na ruta umeme ukikatika. Uingereza ilisogeza uzimaji wa mtandao wa zamani kutoka Desemba 2025 hadi Januari 2027, hasa kwa ajili ya wazee na wagonjwa wenye ving'ora vya dharura vinavyotegemea laini hiyo.

Kwa ofisi yenye faiba na simu kadhaa za ndani, ningehamia intaneti bila kusita, mradi UPS (betri ya akiba) ilishe ruta na kisanduku cha faiba, siyo kompyuta peke yake. Duka linalotegemea bando la simu ya mkononi libaki na laini ya kawaida: kasi ya mnara hubadilika kila saa, na hakuna mpangilio wa ruta unaoweza kuitengeneza.